UTABIBU NI FARADHI TULIYOWAACHIA WENGINE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyajaalia maradhi na akayajaalia pamoja nayo dawa zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, usiku wa kuamkia Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya Isha, ilisomwa barua katika darsa yetu. Mwandishi wake ni kijana wa mji huu, aliyekaa mkekani petu tangu akisoma juzuu ya Amma, na ambaye sasa yumo katika mwaka wake wa mwisho wa kujifunza utabibu katika chuo kimoja huko bara. Chuo kilipofunga, badala ya kurudi nyumbani kama wenzake, alikwenda kujitolea katika zahanati moja ya Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay. Hana mshahara. Apewacho ni chumba cha kulala na chakula cha mchana.

Barua hiyo tuliletewa na mama yake kwa mkono wake mwenyewe, akatutaka tumjibu mwanawe kwa ulimi wa dini na kumwambia arejee. Hoja zake zilikuwa tatu. Ya kwanza, kwamba nchi ile ni nchi ya ugonjwa, na yeye hakumzaa mwana ili amtume penye ugonjwa. Ya pili, kwamba anafanya kazi bure ilhali nyumba ya mamaye ina kodi na deni la duka. Na ya tatu, kwamba watu anaowahudumia si wa dini yake wala si wa kabila lake, na wagonjwa wa mji huu nao wapo. Wazee wawili wa darsa walimuunga mkono, na mimi niandikaye haya nilitikisa kichwa kukubali. Lakini nilipofika nyumbani na barua ile mfukoni, nikaisoma tena peke yangu, sikupata usingizi. Basi maneno haya ni jawabu kwa mama yule, na kwa kijana yule, na kwa nafsi yangu kabla yao.

Wanavyuoni wetu wana kanuni ya kuwa kukihukumu kitu hufuata kukijua. Na wengi wetu tuliotoa hukumu usiku ule hatuijui Ndhiwa wala hatuujui utabibu. Kwa hivyo yatupasa tuanze na kujua.

Ndhiwa iko katika nchi ya Wajaluo, mashariki ya Ziwa Viktoria. Mto Kuja wapita huko ukishuka ziwani, na watu wake hulima mahindi na miwa na hufuga ng'ombe. Karibu yake kuna bonde la Lambwe, ambalo zamani liliogopwa kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Malaria huko haina msimu wa kupumzika. Na ilipofika tarehe 13 Septemba 1919 ikaongezwa miaka mia moja, yaani mwaka 2019, Kenya ilipoanza kuwachanja watoto wadogo chanjo ya malaria, ilianzia huko Homa Bay.

Lakini jambo lililoitangaza Ndhiwa ni UKIMWI. Mwaka 2012 ulifanywa uchunguzi wa nyumba kwa nyumba, ikaonekana ya kuwa katika kila watu wazima 100 wa Ndhiwa, 24 walikuwa na virusi vya ugonjwa huo, wakati ambapo katika Kenya nzima hesabu ilikuwa kama 6 katika 100. Wafikiri, ndugu msomaji, safu ya sala yenye watu ishirini, ambayo watano miongoni mwao wana maradhi hayo. Na wakati ule, katika kila wenye virusi 100, waliokuwa wamepata dawa zikawafaa hata virusi vikanyongea mwilini walikuwa kama 40 tu.

Basi tazameni yaliyofuata. Uchunguzi uliporudiwa mwaka 2018, hao 40 walikuwa wamefika 88. Neno hili si dogo, kwani mtu ambaye dawa imeviangusha virusi vyake huishi, hulima, hulea watoto wake, wala hamuambukizi mwenziwe wa ndoa. Haya hayakuletwa na muujiza. Yaliletwa na watu waliokwenda nyumba kwa nyumba kupima, na dawa kusogezwa karibu na mgonjwa, na watu wa kuwafuata kwa miguu wale walioacha kumeza dawa zao na kuwauliza kwa upole sababu yake. Kijana wetu anatuandikia kuwa hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku: asubuhi hupima uzito wa watoto na kuandika daftari, huchoma ncha ya kidole na kutazama kipimo cha malaria, na alasiri huongozana na mhudumu wa kijiji kwenda kumtazama aliyekosa kuja.

Na tukumbuke vilevile ilivyoanza. Jamaa wa Madaktari Wasio na Mipaka walifika Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 walianza kutoa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI bila ya malipo katika hospitali ya serikali ya huko. Mwaka huo huo mkubwa mmoja wa Marekani alidai mbele ya watu kwamba dawa hizo hazitawafaa Waafrika, kwa kuwa Waafrika hawajui kwenda na saa. Watu wa Homa Bay walimjibu kwa kumeza dawa zao kwa wakati, mwaka baada ya mwaka. Na sisi, umma uliofaradhishiwa sala tano kwa nyakati zake, ndio tungekuwa wa mwanzo kusimama na kusema kuwa mtu masikini aijua saa. Lakini hatukuwapo.

Ama utabibu wenyewe, wengi wetu twadhani kuwa ni udaktari wa nusu. Zamani, katika siku za ukoloni, Mwafrika hakupewa njia ila ya kuwa msaidizi wa daktari, na chuo cha kuwafundisha watumishi wa afya kilianza Nairobi mwaka 1927. Lakini leo tabibu wa Kenya husoma miaka mitatu, kisha huwekwa mwaka mmoja kazini chini ya macho ya wakubwa wake, kisha ndipo baraza lake huandika jina lake na kumpa ruhusa. Na sheria ya mambo hayo imewekwa tangu mwaka 1989 na kutengenezwa upya mwaka 2017. Mgonjwa wa kijijini aghlabu hamuoni daktari mpaka anakufa. Amuonaye ni tabibu na muuguzi. Hao ndio wamuuguzao mtoto wake, na ndio wamzalishao mke wake.

Nataja na mfano mmoja ambao utawakaa Waislamu moyoni. Wajaluo kwa mila yao hawakuwa wakitahiri. Wataalamu walipochunguza Kisumu, na Rakai ya Uganda, na Afrika Kusini, waliona ya kuwa tohara humpunguzia mwanamume kwa kadiri ya nusu au zaidi khatari ya kuambukizwa na mwanamke. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, na mwaka 2008 Kenya ikaanza kazi hiyo, khasa katika Nyanza, baada ya kushauriana na wazee wa huko. Vijana wengi mno wakatahiriwa, na mikono iliyofanya kazi hiyo zaidi ilikuwa ya matabibu na wauguzi. Wako kwetu waliposikia khabari hii walijivuna. Nami nauliza: tuna la kujivunia gani? Sunna tuliyoirithi kwa baba zetu ilikwenda kuwafaa watu wa ziwani, na katika walioibeba kwenda huko sisi tulikuwa wangapi? Tena tohara haimkingi mtu kwa ukamilifu, wala haimkingi mzinifu na hisabu ya Mola wake.

Sasa tuje kwenye hukumu. Wanavyuoni wamezigawa faradhi mbili: faradhi ya kila mtu, kama sala na saumu, na faradhi ya kutoshelezana, kama kumzika maiti. Hii ya pili wakiitenda baadhi ya watu kwa kadiri itoshayo, dhambi huwaondokea wote. Na wasipoitenda, dhambi ni ya mji mzima. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihyau Ulumiddin, ameuhisabu utabibu kuwa ni faradhi ya kutoshelezana, na akawalaumu watu wa zama zake kwa kuwa walisongamana katika elimu ya kujadiliana ilhali miji yao haina tabibu ila asiyekuwa Mwislamu. Na Imamu Shafi, ambaye sisi watu wa pwani twafuata madhehebu yake, imepokewa kwake kuwa baada ya elimu ya halali na haramu hakuiona elimu tukufu kuliko ya tiba, naye akasikitika kuona Waislamu wameipoteza.

Ndugu zangu, wamesema hayo zaidi ya miaka mia tisa iliyopita. Lau wangepita leo katika mitaa yetu wangesema nini? Mtu akifa kwetu mji hujaa. Maduka hufungwa, watu hupigania bega la jeneza, na kaburi huchimbwa na vijana kumi ambapo wawili wangetosha. Hilo ni jema, wala silipingi. Lakini maiti yule kabla ya kufa kwake alilala kitandani miezi sita. Ni nani aliyekwenda kumgeuza ubavu? Nani aliyemwosha kidonda? Faradhi moja tumeifanya kwa wingi upitao haja, na ndugu yake tumeiwacha mlangoni.

Na kwa mabinti zetu hoja hii ni kali zaidi. Twasema, na twasema kweli, kwamba twapendelea wanawake wetu watazamwe na wanawake wenzao. Kisha binti akitaka kwenda kusomea utabibu twamwambia akae ndani. Basi huyo mwanamke wa kumtazama mkeo atateremka mbinguni? Katika zama za Mtume (S.A.W.) bibi Rufaida alikuwa na hema yake ndani ya msikiti wa Madina akiwatibu majeruhi, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq alilazwa huko. Bibi Rubayyi binti Muawwidh na Bibi Ummu Atiyya wamesimulia wenyewe katika Hadithi sahihi kuwa walitoka na Mtume vitani, wakiwanywesha watu maji na kuwauguza waliojeruhiwa. Hao hawakuwa na mshahara. Hao ndio mababu na mabibi wa kila mwenye kujitolea.

Tuzijibu hoja za mama yetu moja moja, kwa adabu, kwani ni hoja za mapenzi.

Ama ya khofu ya ugonjwa. Wako waliotaja usiku ule Hadithi ya tauni, ya kuwa mtu asiingie nchi iliyo na tauni wala asitoke humo akiikimbia. Hadithi ni sahihi, lakini imewekwa pasipo pake. UKIMWI hauendi kwa pumzi, wala kwa kupeana mkono, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kulala chumba kimoja. Waenda kwa zinaa na kwa ndoa isiyopimwa, kwa damu, kwa sindano, na kwa mama kumpa mtoto wake asipopata dawa. Mwenye kufanya kazi ya utabibu hufunzwa kuvaa glavu na kutupa sindano kwa utaratibu. Na akichomwa kwa bahati mbaya, zipo dawa za kinga, ambazo sharti azianze kabla ya saa 72 kupita na azimeze siku 28. Huko ndiko kumfunga ngamia kisha kutawakali. Tena tusiseme kana kwamba ugonjwa huu ni wa watu wa ziwani peke yao. Hapa petu pwani upo. Umepita katika sindano za unga vichochoroni mwetu, na umepita katika vyumba vya watu wenye heshima. Tofauti ni kuwa Ndhiwa waliuhesabu na kuutaja kwa jina lake, na sisi tumeufunika kwa shuka na kusema marehemu alikuwa na homa.

Ama ya kazi bila ya malipo. Katika Suratul Insan Mwenyezi Mungu amewasifu waja wawalishao masikini na yatima na mateka ilhali chakula wanakipenda wenyewe, wala hawataki kwao malipo wala shukrani. Hiyo ndiyo asili ya kujitolea. Lakini tusiifanye aya hii kuwa kamba ya kuwafungia wanyonge. Mtume (S.A.W.) ameamrisha mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mwenye kutoa kwa hiari yake ana thawabu. Na mwenye kuitegemea hiari ya mwenziwe ili asilipe anachopaswa kulipa, huyo ana dhambi. Wahudumu wa afya wa vijijini katika Kenya walitembea miaka mingi bila ya kitu, na wengi wao ni wanawake wenye watoto. Ilipofika mwaka 2023 ndipo Serikali ilipowaandikisha wapatao 100,000, ikawapa mikoba ya vifaa, na ikawakusudia posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, ya kuchangiwa na Serikali Kuu na kaunti. Na mwaka 2024 matabibu wenyewe waligoma kwa muda wa miezi mitatu hivi wakidai haki zao. Basi tuwe waadilifu: tumsifu ajitoleaye, na tumdai awezaye kulipa. Mambo mawili hayo hayagombani.

Lakini limebaki deni la mama, na hapa sitaki kulirukia kwa maneno matamu. Alikuja mtu kwa Mtume (S.A.W.) akitaka kwenda jihadi, akamuuliza kama wazazi wake wako hai, na alipojibu ndiyo, akamwambia jihadi yake iwe katika kuwatumikia. Kwa hivyo mwana hana haki ya kuwahudumia watu wa mbali ilhali mama yake analala na njaa. Hapa mama ana haki, na darsa ilikosea si kwa kumuunga mkono, bali kwa kumuunga mkono bila ya kutia mkono mfukoni. Kwani ikiwa utabibu ni faradhi ya kutoshelezana, basi kijana yule hachukui mzigo wake peke yake. Achukua na wangu, na wako, na wa kila aliyekaa mkekani usiku ule. Na anayekuchukulia mzigo wako, nyumba yake ni juu yako mpaka arudi. Hii ndiyo hesabu iliyoninyima usingizi, maana nilipoipiga niliona kuwa mwenye deni ni mimi.

Ama ya kuwa wagonjwa wale si Waislamu. Qurani, katika Suratul Mumtahina, haikutukataza kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Mtume (S.A.W.) alikwenda kumzuru kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia, alipougua. Na ametufundisha kuwa hata kumnywesha mbwa mwenye kiu kuna ujira, basi itakuwaje kwa mwana wa Adamu? Na katika Suratul Maida Mwenyezi Mungu amelifanya jambo la kuihuisha nafsi moja kuwa kama kuwahuisha watu wote, wala hakusema nafsi ya kabila gani. Kisha, ndugu zangu, tuone haya kidogo. Tukienda hospitali zetu hapa pwani, ni nani atupokeaye usiku wa manane? Wengi wao ni watoto wa bara, na wa Nyanza wamo. Wamewashika watoto wetu wakiteremka matumboni mwa mama zao, wala hawakuuliza kwanza kabila ya mtoto. Akienda mmoja wetu kwao, hiyo si sadaka. Ni kuanza kulipa.

Limebaki swali la kijana mwenyewe, ambalo ndilo lililomfanya aandike. Asema ya kuwa usiku mmoja alikuwa peke yake zahanatini na mlinzi. Tabibu aliye mkubwa wake alikuwa ameitwa kwingine. Akaja mwanamke amembeba mtoto wa miaka miwili, moto wa homa, macho yamegeuka, viungo vinampiga. Degedege. Kijana aliijua dawa ya sindano kwa jina lake na kiasi chake kama kilivyoandikwa kitabuni, na kabati lilikuwa mbele yake. Lakini hajapata kuidunga kwa mkono wake pasi na mwenye kumsimamia, wala hana ruhusa. Basi alimlaza mtoto ubavu, akamlegeza nguo, akazuia asitiwe kitu kinywani, akampigia simu mkubwa wake na kufuata kila alichoambiwa, kisha akapanda pikipiki pamoja na mama na mtoto kwenda hospitalini. Njia nzima yule mama alimlaani kwa Kijaluo na Kiswahili: kwamba ni mwoga, kwamba amevaa koti jeupe la bure. Walifika, mtoto akatibiwa, na siku ya pili aliomba uji. Lakini kijana anauliza: lau angelikufa njiani, damu yake ingekuwa shingoni mwangu?

Jawabu letu ni hili. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mwenye kujitia utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini, yaani hubeba dhamana ya madhara yatokayo mkononi mwake. Mafakihi wameitumia Hadithi hii kuzuia wajinga wasicheze na miili ya watu. Basi mwenye kujifunza yuko baina ya mambo mawili. Akijificha na kusema mimi si tabibu, amemwacha mgonjwa. Na akivamia asichokijua ili apate sifa, amemdhulumu mgonjwa. Njia ya kati ni kutenda lile alilofunzwa na kuruhusiwa, kulitenda kwa haraka, na kumfikisha mgonjwa kwa ajuaye zaidi. Hivyo ndivyo alivyofanya. Lau mtoto angekufa, angekufa kwa ajali yake, na kijana angekuwa na msiba wala asiwe na dhambi. Na laana ya mama mwenye uchungu Mwenyezi Mungu aijua ilipotoka.

Sasa niseme lililo langu. Miaka mingi iliyopita mtoto wa dada yangu alishikwa na degedege, katika mji huu, nyumba ambayo kutoka hapo hospitali ni mwendo wa kukoka moto na kuchemsha maji. Tukasema ni jini, tukasema ni ndege wa usiku amempitia. Tukatuma mtu kwenda kumwita mwenye kufukiza, na huku tukimngojea tukamfunika mtoto blanketi juu ya homa yake. Nami nilikuwa nasoma vitabu wakati huo, na watu waliniangalia mimi niseme neno. Sikusema. Aliyeitwa alifika baada ya mtoto kukata roho. Miaka yote hii nimejipoza kwa kusema ajali haikimbiliwi. Kweli ajali haikimbiliwi, lakini tuliamrishwa tutafute dawa, kwani Mtume (S.A.W.) ametuambia kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila aliuteremshia na dawa yake. Na usiku wa Ndhiwa, kijana wa miaka ishirini na kitu, mgeni, asiyelipwa, anayelaaniwa, alifanya lile ambalo mimi, mjomba mtu na mwenye vitabu, sikulifanya. Ndipo nilipoona haya kwa kichwa changu nilichokitikisa.

Kwako wewe kijana, na kila mwenye kujitolea mfano wako, tunakuusia mambo machache. Itengeneze nia yako kila asubuhi, maana sifa za watu huila nia kama mchwa alavyo mlango. Usikubali kuitwa daktari ilhali hujawa. Mwambie mtu kwa tabasamu kuwa unajifunza. Siri ya mgonjwa ni amana, usiitoe kwa rafiki wala katika barua za kwetu. Usimfanye mgonjwa kuwa mateka wa mawaidha yako, kwani mtu aliyelala hawezi kukukimbia. Dini yako na aione katika mikono yako. Jifunze Kijaluo zaidi ya kuamkia, kwani maumivu mtu huyasema vizuri kwa lugha ya mama yake. Sali kwa wakati. Na mwandikie mama yako kila wiki, umwombe radhi yake, kwani kazi isiyo na radhi ya mama ni mtumbwi uliotoboka.

Na kwako mama yetu: mwanao hajapotea. Likizo yake ikiisha atarejea chuoni, na akihitimu kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu tutamtaka hapa, kwani mji huu nao una wagonjwa kama ulivyosema. Lakini mkono unaojifunza penye wagonjwa wengi hurudi ukiwa na maarifa zaidi.

Ama sisi wa mkekani, tumekubaliana jioni ya jana mambo mawili. La kwanza, kodi ya nyumba ya mama yule na deni la duka litalipwa na darsa mpaka kijana amalize masomo yake, na kila mmoja ameandikiwa kiasi chake. Aliyetikisa kichwa zaidi ameandikiwa zaidi, nami sikuteta. La pili, kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi baada ya Alasiri, mlango wa darsa utakuwa wazi kwa wanafunzi wa kike na wa kiume watakao kusomea utabibu na uuguzi, ili wafundishwe hisabu na elimu ya viumbe na walimu wetu wanaojitolea. Mwenye binti na amlete. Mwenye kitabu na akilete.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa Ndhiwa, awarehemu watoto waliokwenda kabla ya dawa kufika, na atusamehe tulionyamaza. Amin.

Wabillahi ttawfiq.